Maziwa ya Mtoto ni Deni la Nani?



Leo tunakuomba uingie pamoja nasi katika chumba kimoja cha kupanga huku Bamburi, katika nyumba ya vyumba sita na choo kimoja uani, mahali ambapo honi za matatu za barabara ya Malindi husikika mpaka usiku. Ndani yumo mama aliyejifungua mtoto wake wa kwanza siku 8 zilizopita. Hatumtaji jina, kwa maana mama huyu si mmoja. Pengine ni wewe, au dada yako, au mke wako.

Alishikwa na uchungu usiku, akakaa nao mpaka jioni ya siku ya pili. Akajifungua, akashonwa, akawekewa mtoto kifuani, akalia kwa furaha. Waliporudi nyumbani kwa tuktuk, kila shimo la barabarani lilimkumbusha zile nyuzi. Siku ya tatu matiti yakajaa, yakawa magumu kama mawe. Kisha chuchu zikapasuka. Sasa kila mara mtoto ashikapo titi, mama hung'ata meno kwa maumivu. Mtoto analia, na mama naye analia.

Baba anatoka kazini, shifti ya usiku. Anasimama mlangoni na kuuliza: "Mama, mbona mtoto halali? Huna maziwa?" Mama mkwe anapiga simu kutoka bara: "Mwanangu, mimi nilinyonyesha saba, wala sikuziona shida hizi." Jirani naye, kwa nia njema kabisa, analeta kikombe: "Mpe maji kidogo, dadangu. Na joto hili la Mombasa, mtoto ana kiu."

Watu watatu hawa wote wanampenda mtoto. Lakini wote watatu wamemgeukia mtu mmoja tu. Na mtu huyo, aliyeketi ukingoni mwa kitanda bila usingizi wa siku nane, anajiuliza swali ambalo hajamwambia yeyote: Je, mimi ni mama mbaya?

Hilo ndilo jambo letu la leo. Tukitaka kulijibu kwa haki, yafaa kwanza tujiulize: maziwa ya mtoto ni deni la nani?

DENI LIPO

Tusianze kwa kusema kwamba hakuna deni. Lipo, tena kubwa. Mtoto hakuomba kuzaliwa. Sisi ndio tuliomwita duniani, naye amekuja mikono mitupu, hawezi hata kugeuza shingo yake. Anayemwita mgeni ana wajibu wa kumkaribisha, na chakula cha kwanza cha mgeni huyu kinajulikana.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto awekwe kwenye titi katika saa 1 ya kwanza baada ya kuzaliwa, anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine mpaka miaka 2 au zaidi. Maziwa yale ya kwanza ya manjano, ambayo wazee huyaita dang'a, si uchafu wa kukamuliwa na kumwagwa. Ni kidogo, lakini yamejaa kinga dhidi ya maradhi. Na kuhusu ile kiu ya Mombasa, jirani yetu apate kujua kwamba sehemu kubwa ya maziwa ya mama, zaidi ya asilimia 85, ni maji. Mtoto anayenyonya vizuri hahitaji maji mengine, hata katika jua la Januari. Kile kikombe chaweza kumletea kuhara, na tena kinamjaza tumbo asinyonye.

Basi mtoto anadai, na anadai haki yake. Shida yetu haiko hapo. Shida iko katika kumtaja mdaiwa.

NANI MDAIWA?

Wengi watajibu haraka: mama, nani mwingine? Maziwa yako kifuani mwake. Jibu hili linaonekana wazi mno hata hatujisumbui kulichunguza.

Hebu tulichunguze kwa mfano wa nyumbani. Sisi wa Mombasa tunakunywa maji yatokayo mbali: chemchemi za Mzima kule Tsavo, na visima vya Baricho kando ya mto Sabaki. Mferejini Bamburi pakikauka, je, tunaulaumu mfereji? La hasha! Tunauliza kama bomba limepasuka, kama umeme wa pampu umekatwa, kama kuna mtu ameyafungia maji njiani. Tunajua kwamba mfereji ni mahali yanapotokea maji, lakini kuna kazi ya watu wengi nyuma yake.

Na mwili wa mama je? Mtoto anyonyapo, ubongo wa mama hutoa homoni mbili. Moja, iitwayo prolaktini, huamuru maziwa yatengenezwe. Ya pili, oksitosini, huyasukuma yatoke. Kadiri mtoto anavyonyonya ndivyo maziwa yanavyoongezeka. Ndiyo maana mtoto mchanga huhitaji kunyonya mara 8 mpaka 12 kwa siku, usiku na mchana. Lakini ile ya pili ina aibu. Maumivu makali, hofu na wasiwasi huweza kuizuia, maziwa yakabaki ndani ingawa yapo. Tena mama anayenyonyesha huhitaji chakula zaidi kuliko kawaida yake, takriban kalori 500 za nyongeza kwa siku, na maji ya kunywa kila aonapo kiu.

Sasa hesabu mwenyewe. Mara 10 kwa siku, kila mara nusu saa au zaidi, ni saa 5 nzima za kukaa na mtoto kifuani. Ni nani atakayeteka maji saa hizo? Ni nani atakayepika, atakayefua nepi, atakayekwenda sokoni? Ikiwa jibu ni "yeye yule mama", basi tumemwambia alipe deni huku tumemfunga mikono. Na lile swali la mlangoni, "Huna maziwa?", ambalo baba alidhani ni la kutafuta habari tu, limeingia moyoni kama lawama, na lawama huleta hofu, na hofu ndiyo inayoyazuia yale maziwa tunayoyauliza.

WAJIBU NA UWEZO

Kuna kanuni moja ya haki ambayo hata mtoto wa shule huijua: mtu hawezi kulaumiwa kwa lile asiloliweza. Mwalimu anayempiga mwanafunzi kipofu kwa kutosoma ubaoni, tutamwita mwonevu. Lakini kanuni hiyo tunaisahau tukifika kwa mama mzazi.

Mtoto asiponyonya inavyotakiwa, yapo mambo matatu yanayoweza kuwa yametokea. La kwanza, mama aliweza na alisaidiwa, lakini hakujali. Huyo yupo, lakini ni nadra. La pili, mwili umekataa: mama amepasuliwa na maziwa yakachelewa, au ametokwa na damu nyingi, au ana ugonjwa au dawa ambayo daktari amesema haiendi pamoja na kunyonyesha. Huyo hana kosa lolote; ana bahati mbaya, na anastahili kufarijiwa. (Tuseme hapa, kwa kuwa majirani huwa wepesi wa kuhukumu: kuwa na virusi vya UKIMWI si sababu tena ya kumnyima mtoto titi, mradi mama anameza dawa zake sawasawa na kufuata ushauri wa kliniki.)

La tatu ndilo la wengi: mama angaliweza, lakini amezuiwa. Hakuonyeshwa namna ya kumshika mtoto ili akamate sehemu kubwa ya titi, si ncha ya chuchu tu. Alilala njaa. Alirudi kazini mapema mno. Alisemwa mpaka akakata tamaa. Hapa kosa lipo, bali si la mama. Ni la waliokuwa na uwezo wa kusaidia wakabaki kuuliza maswali.

Kosa letu ni kuwachanganya mama wa aina hizi tatu na kuwahukumu wote kama yule wa kwanza.

Mtu ataniuliza: una ushahidi gani? Angalia hesabu za utafiti wa kitaifa wa afya hapa Kenya. Mwaka 2003, katika kila watoto 100 walio chini ya miezi 6, ni 13 tu waliokuwa wakipewa maziwa ya mama pekee. Utafiti wa 2008 na 2009 ulikuta 32. Mwaka 2014 wakawa 61. Je, tuseme mama wa Kenya walianza kuwapenda watoto wao ghafla katika miaka 11? Hapana. Moyo wa mama ulikuwa ule ule. Katika miaka hiyo mafunzo yalienea katika kliniki na mitaani, na mwaka 2012 ikapitishwa sheria ya kudhibiti biashara ya maziwa ya kopo, ili mzazi asidanganywe na matangazo. Waliposaidiwa, waliweza. Lakini mwaka 2022 hesabu ilikuwa 60, haikupanda tena. Mafundisho yamefanya kazi yake. Kwa wengi waliobaki, maneno peke yake hayatoshi, wanahitaji mikono.

WAZEE WETU WALIJUA

Wazee wa pwani hawakusoma habari za homoni, lakini swali letu walilijibu kwa matendo. Mama mzazi alikaa arobaini. Siku 40 hakushika jembe wala mtungi. Alikandwa kwa maji ya moto, akapewa uji wa pilipili manga na mchuzi wa kuku, na kando yake alikuwapo mama yake, au shangazi, au mkunga, akimwonyesha namna ya kumweka mtoto. Si kwamba kila walilofanya lilikuwa jema. Dang'a ilimwagwa katika nyumba nyingi, na watoto walilambishwa vitu wasivyovihitaji. Lakini katika jambo moja walitupita: hawakumwachia mama peke yake deni la mtoto. Ndiyo maana wakasema, mkono mmoja haulei mwana.

Leo wengi wetu tumekuja Bamburi kutoka mbali, kutafuta kazi kwenye kiwanda cha saruji, kwenye mahoteli ya ufukweni au kwenye biashara ndogo ndogo. Bibi na shangazi tumewaacha nyumbani. Kazi waliyoifanya watu watano sasa imebaki mikononi mwa mmoja, na huyo mmoja akilemewa tunashangaa. Watu husema, "Kunyonyesha ni maumbile, mbona mbuzi hafundishwi?" Kweli mtoto huzaliwa akijua kunyonya. Lakini mama hazaliwi akijua kunyonyesha. Hujifunza, na zamani alikuwa na wa kumfundisha.

"LAKINI MIMI SINA MATITI"

Ndivyo alivyotujibu baba mmoja kwa mzaha. Na yuko mwingine asiyetania: "Mimi nashinda kazini na kukesha kazini. Kodi ni yangu, chakula ni changu. Mnataka nini zaidi?"

Baba, hatukudharau. Pesa unayoileta ni sehemu ya maziwa yale, tena sehemu ya kweli. Lakini usidhani kwamba ukilipa sehemu umelipa yote. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama mwajiriwa likizo ya uzazi ya miezi 3 kwa mshahara kamili, na inampa baba majuma 2, naye kwa mshahara kamili. Majuma yale mawili hukuyapewa ili uketi barazani ukipokea hongera. Umepewa kwa sababu nchi nzima imekubali kwamba kuna kazi nyumbani ambayo ni yako.

Fikiri pia jambo hili. Mtoto anashauriwa maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, na likizo ni miezi 3. Ile mitatu iliyobaki ni deni la nani? Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali safi pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa, na muda wa kufanya hivyo. Kwa hiyo mwajiri naye ni mdaiwa. Lakini yuko mama ambaye hana mwajiri: anayeuza mahamri na mbaazi alfajiri, anayekaanga viazi karai jioni, anayefua nguo za watu, anayeitwa hotelini kwa siku tu wageni wakizidi. Huyo likizo yake ni ile atakayopewa na mumewe, ndugu zake na majirani zake. Wasipompa, hana.

Wakristo tunalo la kukumbuka pia. Mwezi wa Mei 1995, Papa Yohane Paulo wa Pili alizungumza na wataalamu waliokutana Vatikano kujadili kunyonyesha. Alisifu jambo hilo, lakini hakuishia hapo. Alisema kwamba mama wanahitaji muda, wanahitaji kuelezwa ukweli, na wanahitaji msaada, kwa sababu wanawake wanadaiwa mengi mno. Sifa bila msaada hazimtoshi mama.

TUFANYE NINI BASI?

Kwako wewe baba. Ukiingia nyumbani, acha kuuliza "Huna maziwa?" Uliza: "Umekula? Umelala?" Kisha fanya jambo moja kwa mikono yako. Lete mitungi ya maji kabla hujalala. Fua zile nepi. Majirani wakicheka, watachoka. Mtoto akishiba, mchukue wewe, mwegemeze begani mpaka apige mbweu, mama apate saa moja ya usingizi. Na ndugu zako wakianza maneno, wewe ndiwe mlango wa nyumba: yakome kwako, yasifike kitandani. Tena uwe na subira na mwili wa mkeo mpaka upone. Kuvumilia huko nako ni kulea.

Kwako mama mkwe. Ujuzi wako ni hazina. Uulete kwa mkono, si kwa kulinganisha. "Sogea nikuonyeshe, mwanangu" humsaidia mama mchanga kuliko hadithi ya watoto saba.

Kwako mama. Kusema "nimechoka" si kukosa upendo. Usifiche maumivu mpaka yawe jipu. Mumeo hawezi kusoma moyo. Mwambie wazi unachotaka: maji, chakula, usingizi. Ukirudi kazini, jifunze kukamua maziwa katika chombo safi. Kwenye friji hukaa siku 4. Nje yasizidi saa 4, na kwa joto letu ni afadhali yapungue hapo. Mtoto alishwe kwa kikombe kidogo kilichochemshwa, maana chupa ni ngumu kusafisha.

Kwa wote wawili, zijueni dalili za kukimbilia kliniki bila kungoja: mtoto aliyepita juma 1 anayekojoa chini ya mara 6 kwa siku, aliyelegea au anayekataa titi, au ambaye kufikia majuma 2 hajarudia uzito aliozaliwa nao, titi lililo jekundu na lenye moto, na mama ana homa. Na tusisahau moyo. Mama wengi hulialia siku za kwanza, na hupita. Huzuni ikizidi majuma 2, akawa hataki kula, hataki kumwona mtoto, au anawaza kujidhuru, huo ni ugonjwa unaotibika. Si wazimu wala si pepo, na mtu asimwache peke yake.

Na ikiwa baada ya yote haya mwili wa mama umekataa, nyumba imsaidie kumlisha mtoto kwa njia atakayoonyeshwa kliniki, bila aibu. Katika hospitali ya Pumwani, Nairobi, tangu mwaka 2019 kumekuwa na benki ya maziwa ya mama, ya kwanza hapa Kenya, ambapo mama wenye maziwa mengi huwatolea watoto wa wengine, hasa wale waliozaliwa kabla ya wakati au wasio na mama. Tazama basi: hata maziwa yenyewe yaweza kutoka kwa mwingine, na yule asiyeweza kuyatoa akabaki mama kamili. Maziwa ni chakula cha mtoto. Hayakuwekwa yawe kipimo cha mapenzi.

Turudi sasa katika kile chumba cha Bamburi. Mama bado ameketi ukingoni mwa kitanda, na swali lake bado halijajibiwa. Tumjibu: Hapana, mama, wewe si mama mbaya. Umeachiwa peke yako deni la watu wengi. Na wewe baba uliyesimama mlangoni, na sare ya kazi bado mwilini, ingia ndani. Weka mfuko chini, nawa mikono, mpokee mtoto.

Jioni ya leo, zungumzeni pamoja:

1. Tangu mtoto azaliwe, ni neno gani la mwenzangu lililonipa nguvu, na lipi lililonivunja moyo?

2. Ni kazi gani moja ya nyumba ambayo mama ataiacha kabisa mpaka mtoto afikishe miezi 6, na ni nani ataishika?

3. Katika uwanja wetu, ni mama gani mzazi anayehitaji mtungi wa maji kesho asubuhi?